Shajara ya mashua, Matondoni, Lamu: oili ya misumeno

Mfungo tano (Safar), Jumapili

Mashua imepandishwa pwani kwa maji makubwa ya bamvua, sasa imekaa juu ya magogo na nguzo za mikoko zimeishika kushoto na kulia. Ami, fundi wetu mkuu, ameizunguka na nyundo ndogo akigonga ubao baada ya ubao. Palipo pazima panalia, palipooza panajibu kwa sauti bubu. Alipomaliza alikuwa na orodha kichwani: mataruma kadhaa (mbavu za chombo) ya upande wa kushoto, mbao tatu zilizo juu ya mkuku, ule uti wa chini, na fashini, mti wa kusimama wa nyuma, ambayo ufa wake unameza msumari. Nahodha alitaka mashua ipakwe deheni tu, yale mafuta ya kuzuia maji, irudi kazini. Ami akamwambia, "Mwanangu, deheni haishiki kwenye unga."

Tumekubaliana chombo kishuke kabla kaskazi haijashika. Muda upo, mradi mbao zipatikane, na mbao siku hizi ni misumeno ya injini. Zamani gogo lilipasuliwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja juu mmoja shimoni. Leo ukimtajia kijana shimo hilo humwoni tena.

Kazi yangu hapa ni mashine: jenereta, keekee ya umeme, randa, mashine ya boti, na misumeno. Tezo na patasi nawaachia wenyewe. Kwa hivyo anayesoma shajara hii akitarajia habari za ushonaji wa mbao na kalafati, yaani kuziba mianya yake, atapata kidogo. Humu kutakuwa na oili nyingi.

Mfungo tano, Jumanne

Miti imefika. Ni mwembe na mwarobaini kutoka shamba moja la Hindi, huko bara, imevuka kutoka Mokowe kwa jahazi ikiwa na kibali chake cha kusafirisha, kwa sababu hata mti wa shambani mwako hauendi popote bila karatasi. Mwarobaini ni wa mataruma. Ami mwenyewe alikwenda kuchagua matawi yaliyopinda, maana taruma linalokatwa kwenye tawi lililozaliwa na pindo lake lina nguvu kuliko lililochongwa likapindishwa kwa tezo. Mwembe ni wa mbao.

Magogo yameshushwa maji yakiwa kupwa, yakalala mchangani. Hilo silipendi na nitarudi kwalo.

Pamoja na miti imekuja misumeno miwili ya kukodi. Mmoja mkubwa, injini ya zaidi ya sisi (cc) 100, wa kupasulia. Mwingine wa sisi 70 na kitu, wa kukatia matawi na kupunguza. Kijana aliyeileta alisema kwa uchangamfu, "Imefanyiwa sevisi, kaka, oili imebadilishwa juzi."

Nikamuuliza imebadilishwa kutoka wapi.

Akacheka, nami nikacheka, lakini swali lilikuwa la kweli. Msumeno wa injini wa aina hii hauna mahali pa kubadilishia oili. Hauna sampu ya kukalia oili, hauna nati ya kumwagia chini, hauna kijiti cha kupimia. Una oili mbili na zote mbili ni za kwenda bila kurudi. Ya kwanza huchanganywa na petroli, ikaingia injini pamoja na mafuta, ikalainisha beringi za kranki, pistoni na ukuta wa silinda, kisha ikaungua na kutoka kwa ekzosi. Ya pili iko katika tangi lake la pembeni, inasukumwa na pampu ndogo hadi kwenye baa, yaani lile bapa la chuma ambalo cheni inalizunguka, kisha cheni inaibeba na kuitupa nje pamoja na unga wa mbao.

Kwa hivyo habari ya "oili ilibadilishwa juzi" haimfai mtu kitu. Juzi imeshaungua. Ya leo ndiyo inayotakikana, na mtiaji ni yule anayejaza tangi.

Mfungo tano, Jumatano

Leo nimeifungua yote miwili chini ya mkwaju, juu ya kipande cha mkeka mkuukuu. Ami alikuja mara mbili kuuliza lini tutaanza kupasua. Mara ya pili hakuuliza, alisimama tu.

Nilianza na msumeno wa kati, ule wa sisi 70 na kitu. Nati mbili za baa, kifuniko cha klachi, cheni, baa. Chini ya kifuniko palikuwa na donge jeusi la unga wa mbao na oili lililoganda kiasi cha kujaza kiganja. Ukilitoa kwa bisibisi linatoka vipande. Kwenye baa, karibu na mkia wake, kuna kitundu kidogo ambamo oili ya pampu huingia mfereji wa cheni. Kilikuwa kimezibwa kabisa. Maana yake tangi lilikuwa limejaa, pampu ilikuwa inasukuma, na cheni ilikuwa kavu. Oili yote ilikuwa ikimwagika ndani ya kifuniko na kulisha lile donge. Mwendeshaji akitazama tangi anaona oili inapungua, anaridhika.

Nimekizibua kwa waya mwembamba, nikapitisha ncha ya kisu kwenye mfereji kutoka mkiani mpaka puani, nikaosha kwa mafuta ya taa na brashi ya meno. Kingo za baa zilikuwa zimechomoza nje, zina makali ya kukata kidole, na sehemu moja ya chini chuma kimegeuka buluu. Buluu hiyo ni joto. Cheni ya msumeno ikiwa kasi kamili hupita karibu mita 20 kwa sekunde, chuma juu ya chuma, na kinachotenganisha ni utando mwembamba wa oili tu. Utando ukikosekana baa inaungua, cheni inatanuka na kulegea, mtu anaikaza ikiwa moto, jioni ikipoa inajikaza zaidi na kuvuta kranki na beringi zake. Nimesawazisha kingo kwa tupa bapa, kisha nikaigeuza baa juu chini ili upande wa juu nao upate zamu ya kulika.

Ndani ya tangi la oili mlikuwa na oili chafu. Hapa kwetu kila mtu anaijua: oili iliyotolewa kwenye injini ya lori, pikipiki au jenereta, watu wakapaka nguzo ili mchwa wasile. Inapatikana bure au kwa bei ya chai. Kwa nguzo sina neno nayo. Kwa msumeno ina masizi, ina chembe za chuma za injini ilikotoka, ina asidi za mwako, na imeshapoteza unato wake. Cheni inaitupa mara tu inapozunguka puani. Isitoshe hii si oili inayobaki ndani ya mashine. Yote hutoka nje: kwenye mikono ya mshika msumeno, kwenye kifua chake, kwenye hewa anayovuta, na kwetu sisi karakana iko pwani, basi na kwenye maji. Oili iliyokwisha kuungua injini ina sumu zinazohusishwa na saratani, na watengenezaji wa misumeno wameikataza katika vitabu vyao. Nimeimwaga katika dumu lake, nimeandika juu "ya nguzo", na nimeliweka mbali.

Kuna chujio kidogo mwisho wa mpira wa kunyonyea oili, ndani ya tangi. Wengi hawajui kama lipo. Livute kwa waya uliopindwa ncha. Letu lilikuwa limevaa koti la masizi.

Msumeno mkubwa una habari mbaya zaidi. Nimefungua ekzosi, nimeisogeza pistoni taratibu kwa kamba ya kuwashia, nikamulika kwa tochi. Kwenye pistoni nzima unatarajia kuona uso laini, mistari hafifu ya mlalo iliyoachwa na kiwanda bado inaonekana. Hii ina mikwaruzo ya kusimama, mirefu, upande wa ekzosi, na ringi moja haichezi, imeganda kwenye mfereji wake. Haijanoki kabisa, lakini iko njiani. Upande wa ekzosi ndio wenye joto kali, na ndipo ukosefu wa oili huanzia kuonekana.

"Ndoo uone," nilimwita yule kijana. Akatazama kwa muda. Akasema mwenye mashine huwa anachanganya kwa kukisia, "anamimina mpaka petroli ibadilike rangi."

Mfungo tano, Alhamisi

Siku ya kutafuta oili. Nimekwenda mjini kwa boti ya asubuhi na kurudi baada ya adhuhuri.

Hili ndilo jambo la Lamu hasa, ambalo fundi wa Thika au Eldoret hatalifikiria. Kisiwa hiki ni cha boti. Ukiomba dukani "oili ya kuchanganya na petroli" unapewa ya mashine za boti, chupa imeandikwa TC-W3. Ni oili nzuri, kwa kazi yake. Mashine ya boti hupozwa na maji ya bahari yanayopita ndani yake muda wote. Msumeno hupozwa na upepo wa feni yake tu, kwenye jua letu, umezungukwa na unga wa mbao, na unazunguka mara 12,000 na zaidi kwa dakika. Joto la pistoni yake ni jingine. Oili ya TC-W3 haikutengenezwa kwa joto hilo, na kitabu cha Husqvarna, watengenezaji wa misumeno, kinasema wazi isitumike kabisa. Inayotakikana ni ya mashine zinazopozwa kwa hewa. Tazama chupa kama imeandikwa JASO FD au ISO-L-EGD. Oili ya gari nayo, hata iwe mpya na ya bei, si ya kuchanganya na petroli ya msumeno. Haichanganyiki sawasawa na haiungui safi.

Nilipata chupa tatu za JASO FD kwenye duka la pili. Mwenye duka alishangaa nimezisoma herufi kabla ya kuuliza bei.

Kipimo sasa. Stihl na Husqvarna wote wanatoa 50 kwa 1 kwa oili nzuri ya aina hiyo. Hiyo ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli, na ukipita duka la dawa utapata sirinji ya mililita 20 bila sindano. Basi ni sirinji moja kwa lita, dumu la lita tano sirinji tano. Vijana wamekariri papo hapo, na ndilo jambo lililoingia kwa urahisi kuliko yote niliyowaeleza. Kama oili uliyo nayo haina alama ya kuaminika, vitabu vinakupeleka 25 kwa 1, sirinji mbili kwa lita.

Kijana mmoja aliuliza kwa nini tusizidishe tu, ili tuwe salama. Kuzidisha hakuleti usalama. Oili ya ziada inaacha makaa kwenye ekzosi na plagi, ringi zinaganda, na zaidi ya hapo inachukua nafasi ya petroli: kabureta inapitisha kiasi kile kile cha mchanganyiko, oili ikizidi petroli inapungua, moto unakuwa mkavu na joto linapanda. Huyu mkubwa wetu huenda ameumwa na yote mawili kwa zamu, leo kidogo kesho kupita kiasi.

Namna ya kuchanganya: petroli nusu, oili yote, tikisa, petroli iliyobaki, tikisa tena. Kabla ya kujaza tangi, tikisa. Dumu liwe kavu. Yale madumu ya njano ya mafuta ya kupikia yanayosuuzwa kwa maji na kuanikwa kidogo ndiyo yanayotuletea matone ya maji kwenye kabureta. Nimeandika tarehe kwa wino juu ya dumu. Mchanganyiko usikae zaidi ya mwezi, na kwa joto la huku nafurahi zaidi ukiisha ndani ya wiki mbili.

Kwa cheni nimenunua oili ya cheni ya dukani, lita nne. Ina unato: ukiichovya kidole na kukigusanisha na kingine inavuta uzi. Ikikosekana, oili mpya ya injini ya SAE 30 inaweza kusaidia siku mbili tatu kwa hali yetu ya hewa. Mpya, nasema.

Mfungo tano, Jumamosi

Tumepasua.

Kabla ya hapo, jaribio ambalo sasa ni sharti la karakana. Msumeno wa kati umewashwa, baa imeelekezwa kwenye kadibodi nyeupe umbali wa shubiri moja, pua isiguse kitu, injini nusu ya kasi mpaka robo tatu. Baada ya muda usiofika dakika ukajitokeza mstari mwembamba wa matone kwenye kadibodi, umenyooka. Oili inafika puani. Mstari usipotokea, msumeno haukati. Ami, ambaye hana imani na mashine yoyote isiyo na mpini wa mti, aliichukua ile kadibodi akaitazama na kuiweka juu ya sanduku lake la patasi. Sikumuuliza.

Sasa lile la mchanga. Gogo lililolala pwani hubeba mchanga kwenye ganda lake, na mchanga pamoja na oili ya cheni unakuwa dawa ya kusagia chuma. Meno yanakufa kwenye mkato mmoja, na baa inalika upesi kuliko oili yoyote inavyoweza kuizuia. Kwa hivyo vijana walibambua ganda kwa shoka kwanza, kisha tezo, wakafagia. Gogo la pili lilisuuzwa kwa ndoo za maji ya kisima. Kazi ya kuchosha, na palikuwa na manung'uniko, mpaka mmoja aliyewahi kunoa cheni iliyogusa mchanga akawaambia wenziwe wanyamaze.

Kupasua mbao kwa urefu si sawa na kukata gogo vipande. Msumeno unakaa ndani ya mti muda mrefu, kasi kamili, bila kupumua. Cheni yetu imenolewa pembe ya nyuzi 10 badala ya 30 za kawaida, ili ipasue laini. Skrubu ya kuongeza oili, ile iliyo chini ya mashine, nimeizungusha mpaka mwisho. Kila mkato ukiisha tunazima, tunaigusa baa kwa ncha ya kidole. Ikiwa na joto la kuvumilika, sawa. Ikikataa kidole, kuna kitundu kimeziba.

Kitu kingine cha kuangalia ni matangi mawili. Yamepimwa kiwandani ili petroli iishe kwanza, oili ya cheni ibaki kidogo. Tunajaza yote mawili pamoja, kila mara. Petroli ikiisha na oili ikawa bado iko juu, haipiti. Mara moja leo ilikuwa hivyo: unga wa mwembe ni mbichi, unanata, ulikuwa umeanza tena kujaza mfereji. Dakika chache za waya na brashi, tukaendelea.

Mbao mbili za mkuku zimetoka, nzuri, hazina fundo.

Mfungo sita, wiki ya Maulidi

Hakuna kazi. Wageni wamejaa mjini, vijana wote wako huko, na punda waliokuwa wabebe mbao wameingia mashindanoni.

Niliandaa misumeno kwa kulala: petroli imemwagwa, injini imeachwa iwake mpaka ijizimie, cheni imelegezwa, imetolewa na kulowekwa katika oili, baa imepakwa. Chumvi ya hewa hii haingoji mtu.

Mfungo sita, Jumatatu

Ami ana malalamiko, na yana msingi. Oili ya cheni inaacha alama kwenye mbao, na yeye anapiga mstari wa kukatia kwa uzi na makaa. Palipo na oili mstari hauonekani. Pendekezo lake: tutie mafuta ya nazi. "Tumeyapaka vyombo miaka yote."

Si wazo la kuchekwa. Ulaya wanauza oili za cheni zinazotokana na mimea, nyingi za mbegu za rapa, hasa kwa sababu oili hii hutupwa yote msituni. Ila zile zimetiwa viungo vya kuzinatisha. Nazi safi ya kukamuliwa nyumbani haina unato, puani inaruka yote. Tena mafuta ya nazi huganda karibu nyuzi 24, na msimu wa kusi usiku wa huku hufika hapo. Kila mwenye chupa ya mafuta ya nywele anajua asubuhi huwaje. Pampu ndogo ile haitasukuma kitu kilichoganda.

Tulijaribu hata hivyo, mchana, jua likiwa kali, kwenye matawi madogo ya mwarobaini, ili Ami aone mwenyewe. Kadibodi ilipata mstari mpana uliotawanyika, mafuta yakaisha tangini haraka kuliko petroli, na baa ikakataa kidole. Harufu, lakini, ilikuwa tamu. Karakana nzima ilinuka vitumbua. Tumekubaliana hivi: kupasua ni kwa oili ya cheni, halafu uso wa ubao unapitishwa randa kidogo kabla ya Ami kupiga mstari. Alisema "haya", ile haya yake ya kumaliza mazungumzo bila kukubali.

Mfungo sita, Alhamisi

Jenereta. Hii ndiyo mashine yetu inayobadilishwa oili kikweli, na kwa kuwa wote walikuwa wameshazoea kwamba msumeno haubadilishwi, walianza kuitazama na yenyewe kwa jicho hilo hilo. Nikawakalisha.

Injini ya jenereta yetu ni ya mipigo minne, aina ya Honda GX160. Petroli yake haichanganywi na kitu. Oili yake, lita 0.6 hivi, inakaa chini ya injini na kuzunguka humo humo, ikichafuka. Injini ikiwa mpya oili inabadilishwa baada ya saa 20 za kwanza au mwezi, kisha kila saa 100 au miezi sita, lolote litangulie. Inamwagwa injini ikiwa vuguvugu, ili uchafu utoke nao. Mashine ya boti nayo ina oili ya gia kule chini karibu na panga boi. Ukiifungulia skrubu ikatoka nyeupe mfano wa maziwa, maji ya bahari yameshaingia na mpira wa kuzuia umekwisha.

Nimebandika karatasi ukutani kwa kila mashine. Ya msumeno haina safu ya "tarehe ya kubadilisha". Ina safu za kila kujaza: oili ya cheni imejazwa, kitundu kimetazamwa, kadibodi. Ya kila siku: chujio la hewa, kingo za baa, grisi ya pua. Ya kila wiki: plagi, nafasi ya nusu milimita, na rangi. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, mchanganyiko na kabureta viko sawa. Nyeusi na mbichi, oili imezidi au chujio limeziba. Nyeupe, simamisha mashine.

Mfungo sita, Jumapili

Hali ilivyo.

Mataruma yote mapya yamekaa. Mbao za juu ya mkuku zimepigiliwa, mafundi wawili wameanza kalafati, pamba na nyundo ya mti, tangu alfajiri. Fashini bado. Gogo lililokusudiwa limekutwa na uoza katikati, na Ami amemtuma mtu Hindi atazame jingine.

Msumeno wa kati umefanya kazi yote mpaka sasa. Plagi ni ya rangi nzuri, nimefungua ekzosi tena leo na pistoni ni safi. Sproketi, gurudumu la meno linalovuta cheni, ina mfereji wa kuonekana, itabadilishwa pamoja na cheni inayofuata, kwa sababu cheni mpya juu ya sproketi kuukuu inalika upesi.

Mkubwa haujawashwa. Mwenyewe alikuja jana kutoka bara, akatazama pistoni yake kwa tochi, akakaa kimya, kisha akaniuliza ringi zinauzwa wapi. Nimemwandikia kipimo na nimemwambia aagize pistoni pamoja na ringi, si ringi peke yake, na silinda ikaguliwe kwanza kabla hajatoa pesa. Amechukua pia sirinji moja.

Vya kununua bamvua ijayo: oili ya cheni lita nne, JASO FD chupa mbili, tupa ya mviringo ya milimita 5.5, plagi ya akiba. Fedha za tupa ninazo, za oili nitamuomba nahodha kesho baada ya alfajiri, akiwa hajanywa kahawa ya pili na hajaanza kuhesabu bei ya gogo.